Mkaa Uliokomaa

Kaka yangu alipostaafu alirudi Songea na kitambi, friji ya milango miwili, na imani kwamba sisi tuliobaki huku hatujui kula. Alijenga upande wa pili wa kiwanja cha wazazi wetu, hapa Matogoro, mimi nikiwa naishi kwenye nyumba ya zamani na cherehani yangu. Kati ya mlango wake na wangu kuna uwanja mmoja, bomba moja la maji na kamba moja ya kuanikia nguo. Hivyo sikupata ile bahati wanayoipata dada wengine, ya kumpenda kaka kwa mbali na kumsikia kwenye simu wakati wa sikukuu. Mimi wangu nilimwona kila siku ya Mungu, amevaa bukta.

Dar es Salaam alikuwa mtunza stoo wa ofisi fulani. Watunza stoo nimewafahamu kadhaa na wengi ni watu wema, lakini kaka yangu kazi ile ilimwingia vibaya. Hakuvumilia kuona kitu kinatupwa, na wakati huohuo hakuvumilia kuona kitu kinatumika. Alichopenda ni kitu kiwepo, kimefungiwa, na ufunguo awe nao yeye.

Miezi ya kwanza alikaa barazani akitazama simu. Humo ndimo alimowaona wanaume wa nchi za mbali, wamevaa aproni na kofia, wakibanika nyama kwa moshi nyuma ya nyumba zao kama vile wameteremshiwa siri kutoka mbinguni. Samaki wa Ziwa Nyasa wanabanikwa kwa moshi tangu babu yetu hajazaliwa. Wanaletwa sokoni wamekauka, weusi, wananukia, na kaka yangu amewala tangu ana meno ya utoto. Hayo hakuyakumbuka. Mpaka ayaone kwenye simu ndipo yakawa elimu.

Akaenda kwa fundi wa kuchomelea, Majengo, akarudi na pipa la mafuta lililokatwa mlango chini, likawekewa dohani juu, na ubavuni kipima joto alichokitoa sijui wapi. Kipima joto chenyewe hakikupanda wala kushuka. Kilisimama palepale hata pipa likiwa tupu na baridi ya mwezi wa saba imelala juu yake. Alikisoma hata hivyo. Alikuwa anainama, anakunja uso, anatikisa kichwa, halafu anatuambia nyama bado.

Pipa lilifanya kazi hivi. Mkaa unawaka chini, juu yake unatupia vijiti vibichi vya mpera vitoe moshi, na nyama inaning'inia kwenye ndoana, saa baada ya saa, mpaka iive na kukauka. Nyama yenyewe ilikuwa kitimoto. Sisi ni Wakatoliki, nguruwe tunamla bila wasiwasi, na hilo sina ugomvi nalo. Mafuta yalidondoka juu ya mkaa, moshi ukapanda mnene, ukaingia kwenye nguo zangu kambani. Nilishona magauni ya kipaimara ya watoto wa watu, nikayaanika baada ya kuyafua, na mama mmoja akaniuliza kwa upole kama pale kwangu siku hizi tumefungua bucha.

Jumapili baada ya misa ya pili walikuja rafiki zake, wastaafu wenzake. Walikaa kwenye viti vya plastiki kulizunguka pipa na vikombe vyao vya ulanzi, ile pombe ya mianzi. Hawakuwa na kazi nyingine ila kula na kusifu. Kaka akikata nyama iliyoungua nje na kubaki mbichi ndani, walisema hiyo ndiyo ya kitaalamu. Akikata iliyokauka kama soli, walisema hiyo ndiyo inayotafunwa na mwanamume. Sijawahi kuona watu wazima wakijidhalilisha kiasi kile kwa ajili ya mbavu.

Sasa niseme habari ya mkaa, maana ndiyo ilinifanya nikaanza kuandika haya.

Nyama ikishaiva, chini ya pipa hubaki mkaa ambao haujaisha. Ukiziba matundu yote hewa isiingie, unazimika wenyewe, na kesho yake unaupepeta majivu, unauchanganya na mpya, unauwasha tena. Hakuna nyumba ya Songea isiyofanya hivyo. Mama yetu alikuwa akishaipua ugali anayakusanya makaa kwenye chungu kibovu, anafunika na sinia, na jioni anawashia maharage. Hakuwahi kukusanya watu awaeleze.

Kaka aliliona jambo hilo kwenye simu, akaamka asubuhi amekuwa mgunduzi. Aliniita uwanjani. Aliniambia nikae. Akanionyesha kipande cha mkaa uliozimwa, akakigonga kwa kipande kingine kilie, akaniambia watu wa nchi hii ni maskini kwa sababu hawajui kwamba mkaa huweza kutumika mara mbili. Nilimkumbusha chungu cha mama. Akasema kile kilikuwa mazoea tu, hiki ni kitu cha kuelewa. Nikarudi kwenye cherehani.

Basi akaanza kuweka akiba. Alipanga madebe ukutani nyuma ya jiko la wifi yangu, akayafunika na mabati. Mkaa wa pipa haukumtosha. Alianza kuvizia jiko la mkewe. Maharage hayajaiva vizuri, yeye ameshakuja na koleo, anadai makaa yanaungulia bure. Wifi yangu ni mwanamke mpole kupita kiasi, jambo ambalo nimemwambia usoni mara nyingi. Alimwachia. Tulikula maharage magumu msimu mzima wa baridi. Kisha akahamia kwa majirani. Alipita na ndoo asubuhi, bukta na koti juu, akiomba mkaa mabaki kama mtu anayekusanya sadaka, na kila mlango aliacha somo. Watu walimpa ili aondoke.

Kuna nyumba moja ilimpa mkaa ambao watoto walikuwa wameuchezea kwa kuchomea mifuko ya plastiki na kandambili mbovu. Hakuuchambua. Jumapili ile moshi ulitoka na rangi ya buluu, na nyama ikanuka kama tairi la lori lililoshikwa na breki kwenye mteremko. Nilisimama mlangoni kwangu nione kama kuna mmoja wao atakayekuwa na ujasiri. Walitafuna. Mmoja aliyewahi kuwa mwalimu mkuu alifumba macho, akasema kuna ladha fulani leo, ya kipekee. Kaka akajibu kwamba hiyo ni kwa sababu mkaa umekomaa.

Neno hilo likamkaa. Kuanzia hapo hakusema tena mkaa uliobaki. Alisema mkaa uliokomaa. Ule wa chini ya pipa, uliodondokewa na mafuta ya nguruwe wiki baada ya wiki mpaka ukawa unang'aa na kunata mkononi, ndio aliouthamini kuliko wote. Huo hakuuchanganya na mwingine. Aliuweka kwenye debe lake lenye kifuniko, akasema kila ukitumika unaongeza utamu, na kwamba siku moja atautumia kwa shughuli inayostahili.

Shughuli ikaja.

Binti yake mkubwa, ambaye mimi ni shangazi yake na nimemlea likizo zote za utoto wake, alikuwa muuguzi Tunduru. Huko akampata kijana wa familia ya wakulima na wauza korosho, watu wa kuswali, wenye heshima zao. Alinipigia mimi kwanza kabla ya kumwambia baba yake, kama inavyotakiwa. Nilimuuliza maswali magumu yote. Alinijibu moja moja: kwamba wamekubaliana kila mmoja abaki na dini yake, kwamba watafunga ndoa bomani, kwamba kijana ameshasema na baba yake na baba hana kipingamizi. Aliyekuwa na wasiwasi ni mama wa kijana. Hakukataa. Alitaka tu kuja mwenyewe na mshenga, aione nyumba, awaone watu, ale chakula chetu, halafu ndipo aseme.

Nilimwelewa mama yule kabla sijamwona. Anaye mtoto mmoja wa kiume, anamtoa kwa watu asiowajua, na hao watu wanakula kitu ambacho yeye hawezi hata kukitamka mezani. Ningekuwa mimi ningekuja na maswali mengi zaidi.

Tulikaa, wifi na mimi, tukapanga. Hakuna chombo cha nyumba ya kaka kitakachotumika, kwa sababu vyote vimeshapikiwa kitimoto. Jirani yetu wa mkono wa kulia ni mama wa Kiislamu, mtu wa Tunduru vilevile kwa asili, ameolewa hapa Matogoro miaka mingi. Akakubali kutuazima masufuria, sahani na hata vijiko. Mumewe akasema atakuja mwenyewe asubuhi kuchinja kuku. Kaka tulimwambia jukumu lake ni kuvaa suruali na kukaribisha wageni.

Akasema hapana, yeye atabanika kuku kwa moshi. Wifi kwa mara ya kwanza nikamsikia akimkatalia. Wakajadiliana sana, na mwishowe kaka akaapa kwamba atamtafuta fundi wa Majengo amtengenezee pipa jingine, jipya, halijaguswa na nguruwe, na atanunua mkaa mpya. Nilimuuliza mbele ya mkewe na mbele ya binti yake, ambaye alikuwa ameshafika kutoka Tunduru. Akaapa tena. Akasema mimi namfanya kama mtoto.

Jumamosi ile kuliamka na ukungu mzito, milima haionekani. Mume wa jirani alikuja mapema na kisu chake, akachinja kuku kwa utaratibu wote, jogoo wakubwa tuliowanunua kwa watu tunaowajua, akanawa, akatuombea kheri, akaondoka. Wifi na binti waliwanyonyoa. Kaka akawachukua kwenye beseni, akaenda nao nyuma. Mimi nilikuwa kwa jirani tunachambua mchele.

Niliporudi kuchukua chumvi ndipo nikasikia harufu. Mtu aliyekaa na harufu ile Jumapili zote zile hawezi kuikosea. Ilikuwa harufu ya mafuta ya nguruwe yanayoungua.

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Hakukuwa na pipa jipya. Lilikuwepo lilelile, limesuguliwa nje kwa mchanga likang'aa, na ndani yake kuku wa wageni wananing'inia kwenye ndoana zilezile. Kando yake debe lenye kifuniko lilikuwa tupu. Kaka alikuwa ameinama anasoma kipima joto.

Nilimuuliza pipa jipya liko wapi. Akasema fundi alimzungusha. Nikamuuliza mkaa mpya uko wapi. Akasema mkaa mpya upo, lakini mkaa mpya hauna ladha, na wageni kama hawa hawaji kila siku, hawezi kuwapa kitu cha hivihivi. Alisema hivyo kwa uso mkunjufu kabisa. Nataka lieleweke hilo, kwa sababu kuna watu waliokuja kuniambia baadaye kwamba kaka yangu alifanya kwa chuki ya dini. Hakuwa na chuki. Chuki inataka mtu amfikirie mwenzake walau kidogo. Kaka yangu hakumfikiria mtu yeyote. Alikuwa anaufikiria mkaa.

"Kaka," nikamwambia, "huo mkaa umelowa mafuta ya nguruwe."

"Yameungua," akasema. "Moto unasafisha. Moto hauna dini."

"Wageni wako wanayo."

"Hawatajua."

Hapo nikaacha kubishana naye. Mtu akishasema hawatajua, amekiri kwamba yeye anajua, na yaliyobaki ni kupoteza pumzi. Nilifungua mlango wa pipa, nikatoa kuku mmoja baada ya mwingine kwa kitambaa, nikawarudisha kwenye beseni. Alinishika mkono. Nilimtazama mpaka akauachia. Kisha akaanza kusema kwa sauti ya mzee wa ukoo, kwamba pale ni kwake, binti ni wake, na mimi ni mdogo wake ambaye sikuweza hata kutunza ndoa yangu. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kwa wengine waliokuwa na akili kuliko yeye, hayakuniuma.

Tulipogeuka binti alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta. Alikuwa amesikia. Alichukua beseni mikononi mwangu, akauliza, "Shangazi, tunapika nini sasa?"

Nilikwenda kwa jirani na aibu yangu mkononi. Nilimweleza yote bila kuficha, maana kuku aliyechinjwa na mumewe kwa jina la Mungu alikuwa amepitishwa kwenye moshi wa nguruwe, na yeye alistahili kujua kuliko mtu mwingine yeyote. Nilidhani atachukua masufuria yake, na angekuwa na haki. Akasema, "Sokoni samaki wapo. Na jiko langu liko hapa." Basi.

Nilipanda bodaboda mpaka sokoni nikanunua samaki wa Nyasa, wale wakavu wa kubanikwa, na wabichi waliokuwa wamefika asubuhi ile kutoka Mbamba Bay. Tulipika kwa jirani, kwenye jiko la jirani, yeye mwenyewe akionja chumvi. Wali wa nazi, samaki wa mchuzi, matembele, na wale wakavu tukawaunga kwa karanga. Wifi alifanya kazi akipepesa macho kwa sababu ya vitunguu, au alisema ni vitunguu. Kuku wale walibaki kwa kaka, kwenye beseni chini ya meza ya jikoni, na mchana rafiki wa kaka waliwafuata kwa mlango wa nyuma.

Wageni walifika jua limeshatoka. Mshenga alikuwa mwanamume mrefu wa maneno machache, na mama wa kijana alikuwa mdogo wa umbo, amejitanda khanga juu ya baibui, macho yake yakiona kila kitu. Binti alipiga magoti akamwamkia. Mama alimshika kichwa, akamwitikia taratibu, akamwinua. Wakanawa, wakala. Mama yule alikula kidogo kidogo mwanzoni, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu. Nilimwambia, bila kuzunguka, kwamba chakula kimepikwa kwa jirani yetu na vyombo ni vya jirani, na jirani mwenyewe akaingia akamsalimu, wakagundua vijiji vyao vinapakana. Baada ya hapo alikula vizuri.

Mambo yangeishia hapo. Lakini kaka yangu alikuwa amekaa muda mrefu bila kusifiwa.

Alivumilia mpaka matunda. Kisha akaanza kuwaeleza wageni habari za kubanika kwa moshi, joto linavyotakiwa kuwa, vijiti vya mpera, akaingia kwenye mkaa. Alieleza mkaa kwa kirefu. Mshenga aliitikia kwa adabu. Wifi alimkanyaga mguu chini ya meza, naye akausogeza. Halafu akasimama, akasema wageni hawawezi kuondoka bila kuuona mtambo wenyewe. Mama wa kijana akanitazama mimi. Sikuwa na la kufanya, tukatoka wote.

Aliwaonyesha. Dohani, mlango, kipima joto. Alifunua madebe yake moja moja, akachukua kipande cha mkaa akakigonga kwa kingine. Mama yule alizunguka pipa polepole. Aliinama akachungulia ndani, kisha akasimama akajisogeza nyuma hatua moja.

"Humu mnabanika nini?" akauliza.

Kaka akasema, "Kuku."

Alilisema bila kupepesa. Nikasikia jogoo wa mtu mwingine akiwika upande wa mlimani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini aliyesema hakuwa mimi.

"Nguruwe, mama," binti akasema. "Tunabanika nguruwe. Leo asubuhi baba aliweka na kuku wenu humo, shangazi akawatoa. Mlichokula hakikupita hapa."

Kaka alimgeukia mtoto wake kwa uso ambao nadhani alikuwa anauweka tayari kwa ajili ya watu walioiba stoo. Mshenga alitazama viatu vyake. Mama wa kijana hakumtazama kaka kabisa. Alimtazama binti, kwa muda mrefu, halafu akamuuliza jambo ambalo sikulitegemea. Alimuuliza kama angesema hivyo hata kama angejua kwamba ndoa itavunjika. Binti akajibu kwamba alikuwa anadhani imeshavunjika ndiyo maana akasema.

Mama akavuta khanga yake vizuri mabegani. Akasema wanaomba kuswali, halafu waondoke wawahi basi. Waliswali kwa jirani. Wakati wa kuaga alinishika mkono akaushikilia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu nitaishi naye. Baba yake tutamwacha kwenu, inshallah."

Nilimwambia hata sisi tusingependa kumpeleka huko.

Ndoa ilifungwa bomani baada ya mavuno. Chakula kilipikwa kwa jirani, na kaka alipewa kazi ya kukaribisha wageni, akaifanya amevaa suti, akiwa na huzuni ya mtu aliyenyang'anywa wadhifa. Kwa muda fulani pipa lilikaa baridi. Nilianza kutumaini. Nilianika nguo zikanukia jua.

Halafu nikamsikia Jumapili moja, moto umeshawashwa, vikombe vimejaa, akiwasimulia rafiki zake jinsi posa ya binti yake ilivyokwenda. Katika masimulizi hayo yeye ndiye aliyesema vyombo vya kwake visitumike. Yeye ndiye aliyewaza kwenda kwa jirani. Samaki aliwanunua yeye. Na pale mbele ya pipa, mama mkwe alipouliza, yeye ndiye aliyesema ukweli, kwa sababu, aliwaambia, mwanamume hafichi kitu kwa mgeni wake. Mwalimu mkuu mstaafu akasema hiyo ndiyo hekima. Wengine wakaitikia, midomo imejaa. Kila mmoja wao alikuwa amekula kuku wale kwa mlango wa nyuma siku ileile, na alijua kwa nini walifika mdomoni mwake.

Wifi alikuwa ameinamia maji pale bombani. Nilimuuliza kama anasikia. Akasema anasikia, na kwamba nimwache tu, amezeeka. Nikamwambia uzee hauhusiki, alikuwa hivyo tangu darasa la tatu. Akacheka, akafunika mdomo kwa mkono wenye maji. Ni mara chache sana nimemwona akicheka kwa kitu kinachomhusu mumewe, na nilifurahi kuliko nilivyopaswa.

Mama mkwe wa binti alikuja Songea tena mwaka jana, baada ya mjukuu kuzaliwa, kumleta mtoto aonwe. Hakufikia kwa kaka. Alifikia kwangu, kwenye nyumba ya zamani, na masufuria niliyopikia nilikuwa nimeyanunua mapya, nayatunza pembeni kwa ajili yake na kwa ajili ya mkwe wetu. Kaka alivuka uwanja kuja kumsalimu. Alikuja na sahani iliyofunikwa, mbavu za moshi, akasema hizi ni za ng'ombe, aulizwe mtu yeyote. Pengine zilikuwa za ng'ombe kweli. Mama akamshukuru sana, akamuuliza hali, akamuulizia mguu unaomsumbua, akamwekea kiti barazani. Akamwambia ale yeye kwanza, mwenye nyama ndiye anayejua utamu wake.

Alikula. Alikula mbavu zote peke yake, huku mama akimbembeleza mtoto mgongoni na kuzungumza nami habari za korosho kuharibiwa na mvua ya kuchelewa. Alipomaliza alipangusa vidole, akauliza kama nina mkaa mabaki jikoni. Nikamwambia sina.